Ushauri: Packard Caribbean ya 1956 ya paa la kukunja, nichukue au niachane nayo?

Mkaazi wa Ziwani: Wakuu, salaam. Nipo Michigan, naendesha malori. Jirani yangu mzee anauza Packard Caribbean ya 1956, imefufuliwa yote: rangi tatu mpya, kromu inang'aa, siti za ngozi mpya. Anataka dola 85,000. Mwaka ule zilitoka 276 tu za paa la kukunja, na mwaka huohuo Packard wakaacha kuunda magari Detroit. Mke wangu anauliza spea nitatoa wapi. Nikague nini?

Kipara Ngoto: Hela hiyo Land Cruiser unapata na chenji. Haya, endeleeni.

Fundi Mstaafu: Anza na kibati cha namba ya bodi. Kianze na 5699. Kikisoma 5697, hiyo ilizaliwa na paa la bati, kuna mtu kaikata.

Pili, unasema siti za ngozi. Mito ya siti za Caribbean ya 1956 inageuzwa: upande mmoja ngozi, wa pili kitambaa. Chomoa mto uutazame. Upande wa pili ukiwa hauna kitambaa, aliyeifufua hakujua kashika nini, na kusikoonekana atakuwa kalipua pia.

Tatu, haina springi za kawaida. Ina fito ndefu za chuma zinazounga tairi la mbele na la nyuma, na mota ya umeme ya kuisawazisha. Fungua swichi, watu wawili wakae kwenye buti. Nyuma itashuka, baada ya sekunde kama saba mota iungurume, ijiinue yenyewe. Isipoinuka, kata bei bila huruma.

Binti wa Gereji: Na vibonye vya gia, ni vya umeme. Vibonyeze vyote, tena injini ikiwa moto. Sikiliza na tapeti, vile vinavyosukuma vali: pampu ya oili imeungana na ya vakyumu ya waipa, ikichakaa inaingiza hewa kwenye oili. Shemeji mwambie spea za injini zinatafutika. Mapambo ya kromu ndiyo msiba.

Mkaazi wa Ziwani: Nimetoka huko. Kibati 5699, mito inageuka, nyuma imejiinua hadi mzee akacheka. Ila tapeti zinagonga ikipata moto. Nimemwambia 77,000.

Fundi Mstaafu: Hiyo pampu inatengenezeka. Usipande zaidi ya 80.

Kipara Ngoto: Picha basi, mkuu!