Hatari nisiyoihisi: dhambi yawezaje kumwangamiza mtu anayejiona mzima?

Fundi wa Mashua (Bagamoyo)

Ndugu zangu, naomba mnielimishe bila kunikebehi. Mimi ni fundi wa mashua hapa Bagamoyo, nimebatizwa tangu utotoni, siibi, sizini, na mbao za mteja zikibaki humrudishia. Mhubiri mmoja amesema kwamba mtu wa namna yangu ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa haioni hatari yenyewe. Nilikereka. Jambo lisiloniuma wala kuninyima usingizi ni hatari gani? Tena jirani yangu Mwislamu, ninayemheshimu sana, huniambia kwamba kila nafsi itabeba mzigo wake, na kwamba Mungu humsamehe anayetubu bila mwingine kufa kwa ajili yake. Nimjibu nini?

Mzee wa Usharika (Tanga)

Fundi, salamu. Kwa kuwa umetaja kazi yako, nianzie hapo. Wajua kwa nini chombo hupandishwa pwani, kikakwanguliwa na kupakwa deheni hata kama kinapendeza machoni: wadudu wa baharini huingia kwenye ubao kwa kitundu kidogo mno, kisha wakala kwa ndani, na nahodha hupata habari siku ubao unapoachia. Mfano huu haufiki mbali, maana ubao haujidanganyi, nasi twajidanganya. Yeremia 17:9 yasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, na Waebrania 3:13 yaonya kwamba udanganyifu wa dhambi humfanya mtu kuwa mgumu. Dhamiri, ambayo ndiyo ingepiga kelele, ndiyo inayokufa ganzi. Kwa hiyo kutosikia maumivu hakuthibitishi kwamba mtu ni mzima.

Msome mfalme Daudi katika 2 Samweli 11 na 12. Alimtwaa mke wa Uria, askari wake, akaagiza Uria awekwe mahali penye vita vikali ili auawe, na hadi mtoto anazaliwa hatusomi kwamba alitubu. Nabii Nathani alipomsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee, Daudi aliwaka hasira, akasema tajiri huyo anastahili kufa. Haki aliijua sana, ila ilipomhusu mtu mwingine. Ilibidi aambiwe, "Wewe ndiwe mtu huyo." Nawe, kaka, umetuorodheshea usiyoyatenda, uliyopaswa kuyatenda ukayaacha hukuyagusa, na wengi wetu ndiko tunakooza.

Mwanaparokia (Bagamoyo)

Mzee amemaliza habari ya hatari, nami nitagusa suala la jirani. Kwanza, usibishane naye kana kwamba anasema upuuzi, maana hata Wagalatia 6:5 yasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Tunapotofautiana ni hapa: sisi twaamini kwamba dhambi ni deni, na kwamba deni hili halimo katika uwezo wetu kulilipa, na kwamba aliyelilipa si mtu wa pembeni aliyekamatwa akaonewa, bali ni Mungu mwenyewe aliyekosewa, aliyekuja katika Kristo akaibeba gharama ya kusamehe.

Sisi wa Bagamoyo tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni hapa mwaka 1868, walikomboa watumwa kwa fedha na kuwaweka katika kijiji chao. Mtumwa hakuhitaji kuhubiriwa ajitahidi zaidi. Alihitaji mtu wa nje amtoe. (Tusiipambe historia, kwani waliokombolewa waliishi chini ya ratiba na amri kali za wamisionari.) Petro aandika katika waraka wake wa kwanza, 1:18-19, kwamba sisi hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya Kristo.

Fundi wa Mashua (Bagamoyo)

Nawashukuru. Habari ya Daudi imenigusa kuliko nilivyopenda. Lakini kama wokovu ni bure, mbona padre hunipa malipizi, yaani sala au matendo ya toba, baada ya kuungama, na wahubiri wengine hudai sadaka kabla ya kumwombea mtu?

Mwanaparokia (Bagamoyo)

Malipizi si bei ya msamaha. Dhambi husamehewa kwa ajili ya Kristo, lakini madhara yake hubaki ndani yetu na kwa wenzetu, na malipizi ni hatua ya kuyatengeneza. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu baada ya Yesu kuingia nyumbani mwake, si kabla.

Mzee wa Usharika (Tanga)

Sisi Walutheri hatuna malipizi ya namna hiyo, na hilo tusilibishanie hapa. Kuhusu wanaouza maombi, Simoni wa Samaria alitaka kuinunua karama ya Mungu, Petro akamjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Ukiombwa fedha ndipo uombewe, ondoka. Ahadi iliyopo ni ile ya 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee, na sharti lake ni kuungama tu, leo, kwa majina ya mambo yenyewe.