Karindula yangu si meza ya kukulia kuku, mukubwa wangu!

Mwana_Kamalondo:
Wakuu, naandika nikiwa bado nimevaa nguo za ngoma. Sijaoga, sijala, mama watoto ameshaniuliza mara mbili kama kuna msiba. Nimemjibu ndiyo, upo.

Munamujua. Sitamutaja, sina haja. Ni yule wa koti jeupe na viatu vilivyochongoka mbele utadhani anataka kuchimba navyo shaba. Yule ambaye kwake kila mwaka ni mwaka wa utamaduni. Yule akikohoa, watu watatu wanatoa leso. Huyo huyo.

Leo ameweka SAHANI YA KUKU juu ya karindula yangu.

Kwa walio mbali: karindula ni banjo ya watu wenye mabega. Unachukua pipa la mafuta, unalifunika mdomo kwa ngozi ya mbuzi, unatia mti mrefu wa kuwa shingo, nyuzi nne nene, basi. Ikilia Kamalondo, wa Katuba wanauliza arusi ni ya nani. Kuibeba sasa ndiyo kazi. Asubuhi tuliifunga nyuma ya wewa, mimi nimeikumbatia kama mjane kwenye jeneza, na polisi wa njiani akatusimamisha kuuliza kama tunauza mazuti.

Barua ya mwaliko ilikuwa na mihuri mitatu. "Serikali inaunga mkono sanaa za wenyeji." Kufika saa moja asubuhi. Tukafika, watu tisa, pamoja na mzee wetu wa kupiga chupa ambaye miaka sabini ameshaipita. Mukubwa alifika saa saba. Masaa sita tuko juani! Tukiona vumbi barabarani tunaanza kupiga, kumbe ni lori la makala. Tumekaribisha malori manne ya makala kwa heshima zote za mababu.

Halafu hotuba. Saa nzima na nusu. Akasema rumba imeingia orodha ya urithi ya UNESCO Desemba 2021, tukapiga makofi. Akasema tena, tukapiga tena. Mara ya tano mzee wetu akaninong'oneza: "Kwani imeingia mara ngapi?" Sina ugomvi na rumba, naicheza mwenyewe. Lakini umesimama mbele ya watu wa karindula, uso kwa uso na pipa, useme basi hata neno moja la pipa!

Halafu chakula. Hapo ndipo.

Mukubwa anakula amesimama, anaongea na wageni, sahani inamchosha mkono. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Karindula yangu imelala chali, ngozi juu, inapumzika kama mtu aliyefanya kazi. Akaweka. Sahani, kuku, mchuzi, limau. Kisha akamuuliza kijana wake: "Hii kameza ni ya nani? Iko muzuri."

KAMEZA.

Nikasogea, kwa adabu yote niliyofundishwa na mama yangu, nikasema, "Mukubwa, samahani, hiyo ni ala ya muziki." Akaniangalia, akatabasamu, akanikabidhi mfupa.

Mfupa wa paja. Mkononi mwangu. Na mimi nikaupokea, nikasema asante! Hilo ndilo litaniua, ile asante.

Bahasha? Tulisaini orodha, tukapewa. Kwa watu tisa ilitosha wewa moja mpaka Kenya, kurudi kwa miguu. Usaidizi wenyewe eti unafuata, tulete dosie nakala nne. Sitaki kuongelea bahasha. Naongelea sahani.

Sasa hivi niko nayo hapa uani. Kuna duara la mafuta katikati ya ngozi, duara kamili, na kipande cha pilipili kimenata pembeni kama muhuri wa nne. Nimepaka majivu. Nimepaka unga. Nimeikalisha karibu na mbabula, jiko letu la makala, ngozi ikaze. Jana ilikuwa inasema DUM. Leo inasema pwe. Mtu aliyetoka kutuambia "ngoma ni moyo wa taifa" moyo wenyewe ameutilia mchuzi.

Semeni kitu.

DarKwetu:
Pole mkuu. Ila sijaelewa. Umelipwa nauli ya bodaboda kutoka Kongo mpaka Kenya na bado unalalamika?

Mwana_Kamalondo:
Kenya ni komini ya hapa Lubumbashi!!!

DarKwetu:
Na wewa ni nini? Mleta mada andika Kiswahili basi.

Mwana_Kamalondo:
Wewa ni pikipiki ya abiria. Na hapo nimejikaza, nimeandika cha shule juu yenu. Ningeandika vile tunasemaka kwetu mungetafuta mkalimani.

Mama_Sombe:
Swali moja tu. Kuku alikuwa wa kijijini au wa friji?

Mwana_Kamalondo:
Mama, unauliza hilo kwenye msiba?

Mama_Sombe:
Nauliza kwa sababu mafuta ya wa kijijini yanatoka kwa majivu. Ya wa friji hayatoki.

Mwana_Kamalondo:
Alikuwa wa friji.

Mama_Sombe:
Basi tafuta mbuzi mwingine, mwanangu.

Katuba_Hatulali:
Kaka, mi nitasema ukweli. Kosa ni lako. Kitu cha mviringo, kimo cha kiuno, juu bapa, umekilaza saa ya chakula katikati ya watu wenye njaa. Mimi mwenyewe ningeweka na bia. Ningeuliza hata kama kuna kitambaa chake.

Mwana_Kamalondo:
Ina SHINGO. Umeona wapi meza yenye shingo?

Katuba_Hatulali:
Kwa wakubwa kuna meza za kila aina.

Rangi_na_Turubai:
Wewe angalau umebaki na pipa lako. Mimi ni mchoraji. Mukubwa (si huyo wako, wa kwangu ana masharubu) alikuja nyumbani akapenda turubai yangu ya mita mbili, soko la Kenya siku ya mvua. Akasema ataiazima kwa ofisi, wageni waone sanaa ya nyumbani. Munakumbuka Juni 2022 mfalme wa Ubelgiji alipoleta Kinshasa kile kinyago cha Kakuungu cha Wasuku? Hakusema amerudisha. Alisema mkopo, na mkopo wenyewe hauna mwisho. Basi na turubai yangu iko mkopo wa namna hiyo. Nikienda kuiona naambiwa niache kitambulisho mlangoni. Kitambulisho! Kwa picha niliyochora mimi! Juzi nimeona kwenye picha ya Facebook wametundika kalenda juu yake.

Malakiti_Safi:
Afadhali kuazima. Mimi nachonga malakiti, lile jiwe la kijani: mayai, tembo, chesi, shanga. Wageni wakija mjini mukubwa anatuma dereva: chagua zawadi nzuri, "wageni wajue utajiri wetu", halafu niandike. Nimeandika. Daftari la kwanza limejaa, niko la pili. Nikienda kudai naambiwa mimi ni mwenzi wa serikali katika kukuza sanaa. Mke wangu anasema sasa nimuandikie yeye ni mwenzi wa serikali katika kununua unga.

Mwana_Kamalondo:
Poleni wote, lakini turudi kwenye sahani.

Mzee_wa_Likasi:
Watoto wangu, haya si mapya. Jean Bosco Mwenda alikuwa anapiga gitaa hapa Likasi, enzi hizo ikiitwa Jadotville. Mwaka 1952 nani alisimama barabarani kumsikiliza? Hugh Tracey, mzungu aliyetoka Afrika Kusini na mashine yake ya kunasa sauti. Serikali ya wakati ule ilikuwa inapita na magari, na ya leo pia inapita na magari. Vidole viwili vya yule mtu vilifanya kazi ya wapiga gitaa watatu. Vijana wa sasa muziki wao ni kubonyeza tu. Na suruali zao sitaki hata kuanza.

Katuba_Hatulali:
Mzee usianze na suruali.

Mzee_wa_Likasi:
Zinaning'inia!

Kasumbalesa_Mpakani:
Mimi nashangaa jambo moja. Hiyo kalindula ni ya Wazambia. Sasa serikali ya Kongo isaidie kitu cha Zambia kwa nini?

Mwana_Kamalondo:
Rudia?

Kasumbalesa_Mpakani:
Luapula huko ndiko nyumbani kwake. Wanaiita kalindula, kwa L. Nyinyi mumeweka R mukasema ni yenu.

Mwana_Kamalondo:
Mto Luapula una ng'ambo mbili, bwana! Na watu wake wanasikilizana pande zote mbili, mpaka ulichorwa na wazungu waliokuwa hawajui hata kupiga makofi kwa mdundo. Babu yangu alikuwa na karindula kabla Kasumbalesa haijawa na hata lori moja la kukwama.

Kasumbalesa_Mpakani:
Karatasi?

Mwana_Kamalondo:
KARATASI YA BABU???

Bukavu_Kadutu:
Nyie Lubumbashi mnalia sana. Sisi Balega, Bwami yetu, chama cha jadi cha wazee wetu, Wabelgiji waliipiga marufuku 1948, sanamu za pembe za ndovu zikapanda meli. Leo mtoto wa Mwenga akitaka kuona kitu cha babu yake anunue tiketi ya kwenda makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Kwenu angalau mukubwa kaja hadi kwenye pipa.

Mwana_Kamalondo:
Kaja na sahani.

Kisanga_Pole_Pole:
Mimi natetea serikali kidogo. Kwenye bia kuna tozo inayokwenda mfuko wa utamaduni. Maana yake mimi kila Ijumaa naunga mkono sanaa za wenyeji mpaka saa nane za usiku. Mke wangu hajawahi kulielewa hili. Naomba mtu amuandikie.

Malakiti_Safi:
Kumbe ndiye wewe mfadhili wetu! Nikutumie daftari?

Rangi_na_Turubai:
Jamani, na jumba la maigizo je? Wabelgiji walitujengea jumba zuri miaka ya 1950, leo ndilo Jengo la 30 Juni, Bunge la jimbo linakaa humo. Vikundi vya maigizo vinafanyia mazoezi chini ya miembe.

Katuba_Hatulali:
Maigizo yanaendelea pale pale. Waigizaji ndio wamebadilika, na mshahara wao umekuwa mzuri.

DarKwetu:
Hahaha, hapo sasa nimekaa kiti cha mbele. Nileteeni na hiyo kameza.

Mtwa_wa_Kalemie:
Nimesoma yote. Sisi Batwa tuna sheria yetu kabisa, nambari 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inatutaja sisi watu wa asili, haki zetu zote, utamaduni umo. Huku kijijini kwetu tunaitwa mgeni akishuka ndege. Tunacheza kwenye lami, tunapanda lori, tunarudi. Mara ya mwisho walisahau kuturudisha. Tulitembea siku mbili na ngoma kichwani. Mama yangu alikuwa mmoja wetu.

Kisanga_Pole_Pole:
Pole sana ndugu.

Mama_Sombe:
Pole, mwanangu. Mwana_Kamalondo, na mchuzi ulikuwa wa nyanya au wa karanga? Wa karanga unaharibu ngozi zaidi.

Mwana_Kamalondo:
Wa nyanya, mama.

Katuba_Hatulali:
Sikia kaka, tucheke tu lakini pole. Jumamosi hii shemeji yangu anaoa, hapa hapa Katuba. Tulikuwa tumepata mtu wa kuweka muziki na kompyuta, amekimbia na nusu ya pesa. Njooni na karindula.

Mwana_Kamalondo:
Ngozi inabidi nibadilishe kwanza. Inasema pwe.

Katuba_Hatulali:
Njooni hivyo hivyo. Wakishakunywa nani atajua DUM na pwe? Pesa mkononi, hakuna dosie. Ila sema mapema kama una meza nyingine kama ile, tumepungukiwa mbili.

Mwana_Kamalondo:
Utakufa vibaya wewe. Saa ngapi?

Katuba_Hatulali:
Saa nane. Yaani saa kumi na moja. Mama_Sombe ndiye anapika.

Mama_Sombe:
Napika sombe ya majani ya muhogo, ndakala wale samaki wadogo, kuku na bukari. Bukari safari hii nachanganya na muhogo, mahindi yamepanda bei.

Mwana_Kamalondo:
Muhogo? Arusini?

DarKwetu:
Bukari ndiyo ugali?

Mama_Sombe:
Ndiyo baba. Na wa kuchanganya ndio mtamu, unashika tumbo mpaka kesho.

Mwana_Kamalondo:
Mama, kwa heshima zote, bukari ni ya mahindi meupe, nyeupe pe, ukiibonyeza inarudi. Ya muhogo inavutika kama gundi ya viatu. Watu wangu tisa hawawezi kupiga na gundi mkononi. Mzee wa chupa hana hata meno ya kujitetea.

Kisanga_Pole_Pole:
Naunga mkono mahindi.

Bukavu_Kadutu:
Muhogo! Munajua nini nyie.

Mzee_wa_Likasi:
Zamani kampuni ya migodi ilikuwa inatupa unga wa mahindi kila mwezi, gunia, mlangoni. Na suruali zilikuwa na mkanda.

Mwana_Kamalondo:
Ya muhogo siji. Nimesema.

Kasumbalesa_Mpakani:
Na huo unga wa mahindi munaojivunia unatoka wapi? Zambia. Mimi ndiye nauona unavuka hapa.

Mwana_Kamalondo:
WEWE TENA.