Hilux 22R inamisi ikiwa sailensa, fundi kasema injini imekwisha. Nichukue injini gani?

KijanaWaKihesa:
Wakuu heshima kwenu. Nina Hilux ya mwaka 1989, petroli, injini 22R ya kabureta. Ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka hadi kioo cha pembeni kinaonyesha ukungu mtupu. Inamisi, puk, puk, puk, kama mtu mwenye kwikwi. Ukikanyaga mafuta inatulia kidogo, ukiachia inarudi kulekule au inazima kabisa. Kila taa za barabarani zikiwaka nyekundu naanza kusali.

Nimebadilisha plagi zote nne, waya za plagi, koili, kapu ya distributa na rota. Kabureta imefunguliwa ikaoshwa mara mbili. Petroli nimehama kituo. Wapi! Fundi wangu anasema injini imekwisha, tuache kupoteza hela, tuweke nyingine. Ana 22R ya mtumba ya Japani kwa milioni 2.4, au niende dizeli, 2L, moja kwa moja. Swali langu ni hilo tu: 22R au 2L? Wenye uzoefu karibuni, matusi sitaki.

Ngosha_Dizeli:
2L mkuu, funga macho. Dizeli haina plagi, haina koili, haina distributa. Sasa itamisi kwa kutumia nini?

PetroliDamu:
Itamisi kwa nozeli. Na hiyo hedi ya 2L ikichemka mara moja tu inapasuka, halafu mnarudi humu kulia. Kubadili petroli kuwa dizeli siyo kubadili shati. Utahama gia boksi, maunti, mfumo mzima wa mafuta na waya, mwisho unajikuta umejenga gari jipya ndani ya bodi bovu.

MamaVifaranga:
Mdogo wangu uza hiyo, nunua Kirikuu. Mimi nabeba trei za mayai kwa Kirikuu mwaka wa nne huu na yai halivunjiki. Wanaume mnapenda magari makubwa ya kuumiza kichwa.

BabaMzoefu:
Umenikumbusha mbali. Nilikuwa na Peugeot 504 pikapu, nabeba mahindi Songea kwenda Njombe. Ikaanza kumisi. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akafungua kabureta, akairudisha, skrubu mbili zikabaki mkononi mwake, akanipa kama chenji. Wa tatu akaniambia nimelogwa na mfanyabiashara mwenzangu, na mimi nikaamini, kwa sababu huyo mwenzangu kweli alikuwa ananinunia. Nimekaa wiki mbili hivyo. Siku moja turniboi wangu anatafuta kitambaa chake cha kufutia vioo. Tumetafuta gari zima. Kilikuwa ndani ya nyumba ya eakilina, kimevutwa hadi mdomoni pa kabureta. Alikiweka mwenyewe akasahau. Yule mwenzangu nilishaacha kumsalimia, na hadi leo hatusalimiani.

Mchungaji_Mlei:
Kijana, gari ni kama ndoa. Ukikimbilia kubadilisha badala ya kutengeneza, utabadilisha mpaka lini?

MamaVifaranga:
Haya, ibada imeanza.

Dkt_Spana:
Mleta uzi, umegusa kila kitu cha moto na cha mafuta. Hujagusa pumzi. Injini yenye plagi nzuri na kabureta safi ikiendelea kumisi sailensa, ama inavuta hewa isiyopita kwenye kabureta (gasketi ya manifoldi, mpira wa vakyumu, hata ule bomba unaoenda kwenye buster ya breki), ama valvu hazifungi vizuri, ama kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) imevuja. Tapeti za 22R, yaani nafasi ya valvu, unaset kwa mkono, injini ikiwa ya moto: 0.20 mm upande wa kuingiza, 0.30 mm upande wa kutoa. Zikibana, sailensa inakuwa hivyohivyo unavyoeleza.

Kwa hiyo niambie: nani amepima kompresheni na kila silinda imesoma ngapi? Maji ya rejeta yanapungua? Na siku ilipoanza kumisi gari ilikuwa imetoka kufanya nini? Swali la injini mpya liweke pembeni kwanza.

KijanaWaKihesa:
Asante Dkt. Kompresheni hajapima, ila ni fundi wa miaka 20, anasikiliza kwa sikio na hajawahi kukosea. Maji naongeza kidogo tu asubuhi. Kumisi ilianza tu yenyewe. Ila naomba turudi kwenye swali, 22R au 2L?

Dkt_Spana:
Kidogo ni kiasi gani?

KijanaWaKihesa:
Kama chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu.

PetroliDamu:
Kila asubuhi?? Ndugu, hiyo rejeta unainywesha chai?

Dkt_Spana:
Sawa, chini hakudondoki? Chomoa dipstiki uangalie oili. 22R za umri huo zina gaidi za plastiki, vile vipande vinavyoiongoza cheni ya taimingi. Zikivunjika cheni inakula kava ya mbele mpaka inatoboa njia ya maji, na maji yanaingia kwenye oili. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, usiwashe. Ikiwa nyeusi ya kawaida, maji yanaungua ndani ya silinda, na hapo tunaongelea gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Sasa rudi kwenye swali langu la tatu, umelikwepa.

MzeeWaKadi:
Mimi siyo fundi, nina swali la makaratasi. Namba ya injini iko kwenye kadi. Ukibadilisha injini lazima kadi irekebishwe TRA, na anayekwenda ni mwenye gari. Kadi ina jina lako?

KijanaWaKihesa:
Oili ni nyeusi ya kawaida. Chini pakavu.

Kadi haina jina langu. Gari ni ya baba mkwe. Kaniazima nimalizie msimu, yeye yuko Dodoma kwa matibabu. Sikuandika mwanzo kwa sababu haihusiani na kumisi.

Ngosha_Dizeli:
UNATAKA KUMBADILISHIA MZEE INJINI BILA KUMWAMBIA? Nafuta ushauri wangu wa 2L.

KijanaWaKihesa:
Ndiyo maana nataka 22R kwa 22R, asione tofauti. Na kuhusu siku yenyewe: ilichemka kidogo pale mlima Kitonga. Mshale uligusa nyekundu, nikasimama, nikamwagia maji, ikapoa, nikaendelea. Iringa nilifika salama. Kumisi ilianza kesho yake, ndiyo maana nasema ilianza yenyewe.

Dkt_Spana:
Ulimwagia maji baridi injini ikiwa ya moto?

KijanaWaKihesa:
Maji ya mtoni. Ningefanyaje sasa, nikae pale korongoni na malori yananipigia honi?

PetroliDamu:
Ulikuwa umebeba nini?

KijanaWaKihesa:
Vitunguu. Gunia 14.

PetroliDamu:
Lumbesa?

KijanaWaKihesa:
Za kawaida, zimejazwa kidogo juu.

MamaVifaranga:
Yaani lumbesa.

Kaka_Mkavu:
Wakuu, hii ni chai, tena ya tangawizi. Mwanzo "nina Hilux", mara ya baba mkwe, mara ilianza yenyewe, mara imechemka Kitonga. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, huko chini ya Kitonga, vinashuka Dar, huyu anavipandisha Iringa kwa kazi gani? Na uzi mzima kuna bei moja tu iliyotajwa, ya injini ya mtumba. Mtaona kesho anaweka namba ya simu ya muuzaji. Tangazo hili.

Ngosha_Dizeli:
Kweli aisee, nilikuwa sijaliona hilo la bei.

Mchungaji_Mlei:
Kama ni uongo atubu.

Mafinga_Baridi:
Kaka_Mkavu hilo la vitunguu siyo. Huku Mafinga tunakula vitunguu vya wapi unafikiri? Vingi vinashuka, na vya kupanda vipo. Hayo mengine sijui.

BabaMzoefu:
Hata mimi sikuaminiwa habari ya kile kitambaa.

KijanaWaKihesa:
Kaka_Mkavu ningekuwa nauza injini ningejitungia aibu hii? Basi niwape yote. Fundi nimeshampa advansi ya laki nane. Ndiyo maana nang'ang'ana na injini, siyo kwamba siwaelewi. Natupia picha ya plagi zilizokuwemo kabla ya hizi mpya, zimepangwa kuanzia mbele ya injini.

Dkt_Spana:
Nimeziona. Ya kwanza na ya nne zina rangi ya kahawia, ndivyo inavyotakiwa. Ya pili na ya tatu nyeupe, safi kama zimetoka kuoshwa. Mvuke umezisugua. Hiyo picha siyo ya dalali.

Fanya hivi bila kulipa mtu. Kwanza hakikisha waya zimefuata mpangilio wa 1-3-4-2. Ukichanganya ya pili na ya tatu utaihukumu bure injini isiyo na kosa. Kisha injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, mwenzio awashe, utazame maji kwa dakika moja. Funga. Halafu ikiwa sailensa chomoa waya ya plagi moja moja kwa koleo lenye mpira, urudishe kabla ya kuchomoa nyingine. Silinda nzima ukiichomoa injini inalegea. Iliyokufa ukiichomoa haishtuki.

Kaka_Mkavu:
Tunasubiri majibu ya maabara.

KijanaWaKihesa:
Nimerudi. Waya ziko sawa, nimezifuata kwa kidole mara tatu. Kwenye rejeta maji yanatoa maputo kama uji unaoanza kuchemka, na injini ni ya baridi.

Ya kwanza nimechomoa, ikataka kuzima. Ya pili, kimya, hakuna mabadiliko. Ya tatu, hakuna. Ya nne ikazima palepale.

Dkt_Spana:
Mbili zilizokufa ziko jirani. Gasketi ya hedi imeungua katikati yao, na maji yanapita hapohapo. Hedi ishushwe, iwekewe rula ionekane kama imepinda, ipelekwe kwa mtu wa mashine aisawazishe na kukagua nyufa. Aangalie pia sehemu ya juu ya bloku. Sijasema hakuna gharama, hedi ikiwa na ufa utatafuta nyingine, ila chini huko sijaona dalili ya kufa. Usiiwashe tena hata kuisogeza. Na laki nane ukaidai leo.

Kaka_Mkavu:
Naomba radhi kuhusu tangazo. Kuhusu lumbesa siombi.

KijanaWaKihesa:
Fundi simu yake inaita tu, hapokei. Nimetuma na meseji.

MzeeWaKadi:
Na baba mkwe?

KijanaWaKihesa:
Huyo kapiga mwenyewe sasa hivi. Karuhusiwa, anarudi Jumapili, anataka nikampokee stendi na gari.