Jike wa nyererei ana mayai mdomoni, lakini baba simjui

PeziJekundu

Wakuu, shikamooni mlio wakubwa, na wenzangu habari za humu. Nimekwama, naomba majibu mapema kama inawezekana.

Nafuga furu wa aina mbili, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria na maziwa ya jirani ambao jike huatamia mayai mdomoni. Wa kwanza ni Pundamilia nyererei, ukoo wa kisiwa cha Makobe, dume mmoja na majike watano. Nilipewa wakiwa na sentimita tatu, na aliyenipa aliandika jina la kisiwa kwenye mfuko. Wa pili ni Xystichromis phytophagus wa Ziwa Kanyaboli, madume wawili na majike wanne. Kila aina ilikuwa na tangi lake, mpaka usiku mmoja tangi la hawa wa Kanyaboli lilipoanza kuvuja kwenye kona. Nikawahamishia wote kwa nyererei, tangi la lita 240, nikijiambia ni kwa wiki moja tu. Zimepita tano.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu jike mmoja wa nyererei aache kula. Koo limetuna, taya la chini limeshuka, na kila baada ya muda anatafuna polepole kama anayegeuzageuza kitu mdomoni. Anakaa nyuma ya bomba la chujio. Ana mayai, hilo sina shaka nalo. Shida ni kwamba sikuona alivyotaga. Dume wangu wa nyererei amepauka tangu wageni waingie, ule wekundu wa mgongoni umebaki kama kutu. Dume mkubwa wa Kanyaboli ndiye anayetawala, na nimemwona mara mbili akitandaza mapezi na kutetemeka mbele ya majike wa nyererei.

Je, hawa vifaranga wanaweza kuwa chotara, ilhali ni jenasi mbili tofauti? Nikiwalea, nitawatambua baada ya muda gani? Na kuna wawili humu walishaniomba vifaranga wa Makobe. Niwape? Huyu ndiye jike wangu wa kwanza kuatamia, nimemsubiri miezi tisa. Kusema kweli naogopa jibu.

Nyongeza: joto ni nyuzi 25, pH 8. Taa ina rangi ya machungwa, niliichagua kwa sababu inawakoleza madume.

dume_la_mwambani

Hongera mkuu, kuatamia kwa mara ya kwanza ni furaha kubwa. Mimi ningetulia. Jike wa furu anamjua dume wa aina yake, hachagui ovyo. Walee tu, ukifika mwezi wa tano au wa sita madume wataonesha rangi. Walio wekundu wenye mistari ni nyererei, hao wagawe. Wasioeleweka baki nao.

BiMatamvua

Marahaba, PeziJekundu. Mwambani, mwanangu, hapa nakupinga, maana ushauri huo niliufuata mwenyewe na ukanigharimu.

Kwanza swali la chotara. Ndiyo, wanaweza. Majina mawili ya Kilatini yasikutulize. Furu wa Ziwa Victoria na wa maziwa madogo ya kandokando yake ni ndugu wa karibu mno. Ziwa lenyewe lilikauka likajaa tena kama miaka 15,000 iliyopita, na aina zaidi ya 500 za furu zilizokuja kuhesabiwa humo zimetengana juzi tu kwa hesabu ya viumbe. Damu zao bado zinakubaliana, na chotara wao huzaa bila taabu. Kinachowatenganisha zaidi ni macho ya jike. Anamjua dume wake kwa rangi, hapo Mwambani amesema kweli, lakini ili aijue rangi lazima aione.

Ndiyo maana taa yako imenishtua kuliko tangi lililovuja. Watafiti Ole Seehausen na Jacques van Alphen walilijaribu jambo hili kwa nyererei na ndugu yake wa buluu, wakachapisha mwaka 1998. Chini ya mwanga mweupe majike walimchagua dume wa aina yao. Chini ya mwanga wa machungwa mtupu, ambao unafuta tofauti ya nyekundu na buluu, uchaguzi ukapotea. Mwaka mmoja kabla, wao wawili pamoja na Frans Witte walikuwa wameonesha kwamba hata ziwani kwenyewe, penye maji machafu, rangi za madume hufifia na aina za furu zinazoishi pamoja hupungua. Taa yako imewawekea majike hali ya maji ya tope ndani ya maji safi. Sisemi kwamba ni lazima alikosea dume. Nasema hakuwa na nafasi nzuri ya kupatia, na dume wake wa halali alikuwa ameonewa hadi akavua rangi. Badilisha taa leo, weka nyeupe ya kawaida.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Nilikuwa mwaka wa nne wa kufuga. Nilikuwa na nyererei wa kisiwa cha Python na, tangi hilohilo, Pundamilia pundamilia wawili wa buluu niliowahifadhia rafiki kwa muda. Jike wangu akaatamia, akatoa vifaranga 37. Nikawalea vizuri kuliko watoto wote niliowahi kulea, atemia (vijidudu vya majini vya kulishia vifaranga) asubuhi na jioni, maji nabadilisha kila siku ya tatu. Walipofika mwezi wa tano, madume saba wakawaka: mgongo mwekundu, ubavu wa njano, mistari myeusi iliyonyooka. Nikasema tazama, ni nyererei watupu. Wale waliobaki na kijivu nikawahesabu kuwa majike, nikawagawia wafugaji watatu, na karatasi nikaandika kwa mkono wangu: nyererei, Python.

Makosa yangu yalikuwa mawili. Dume mdogo anayekaa chini ya ubabe wa wenzake hufanana na jike. Anaweza kukaa hivyo miezi, akiondolewa tu anavaa rangi. Na jike wa furu hatagi kwa mkupuo. Anataga machache, anageuka, anayazoa mdomoni, anagusa yale madoa kwenye pezi la chini la dume ili apate mbegu, kisha anaanza tena. Katikati ya mizunguko hiyo dume wa pili anaweza kupenya. Mdomo mmoja, baba wawili. Wiki ya sita baada ya kugawa, mfugaji wa kwanza akanitumia picha ya mmoja wa wale majike: alikuwa dume, ubavu wake haukuwa wa njano wala wa buluu, rangi ya majivu yenye kung'aa kidogo mgongoni. Niliitazama picha hiyo nikakosa usingizi.

Nikawaandikia wote watatu. Wawili walinirudishia samaki. Wa tatu alikuwa amekwisha kuwazalisha na kugawa wajukuu, nao wamesambaa na karatasi yangu. Mpaka leo nikiona mtu anatangaza nyererei wa Python, naangalia ubavu.

Na dada zao hata hiyo nafasi ya kuangaliwa hawana. Jike chotara wa mchanganyiko kama huu ni samaki wa kijivu wa kawaida, hutamjua kwa jicho maisha yake yote. Hivyo swali lako la pili, "nitawatambua lini", jibu ni kwamba nusu yao hutawatambua kamwe. La tatu, usiwape. Waambie wale wawili wasubiri mzao mwingine.

Nisikuache na huzuni tu, kwa sababu hujapoteza ukoo. Mayai ya furu hurutubishwa palepale anapotaga. Jike habaki na mbegu ya dume huyo kwa ajili ya mzao ujao. Ukiwaondoa madume wa Kanyaboli leo, mayai ya safari ijayo yatakuwa ya Makobe kwa Makobe. Hatari iko kwa hao majike wanne wa nyererei waliobaki: kila siku wanayokaa pamoja, mwingine anaweza kujaza mdomo. Jike mwenye mayai atabaki tangi la nyererei, usimguse bado, ni mama wa mara ya kwanza na akishtuka anaweza kuyameza yote.

Hawa wa Kanyaboli nao usiwaone wageni wasumbufu. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na alipofurika miaka ya 1980 karibu aina 200 za furu zilitoweka. Kanyaboli, ziwa dogo ambalo sangara hakulifikia, ndiko samaki wako walikosalimika. Unafuga amana mbili, na kila moja inataka tangi lake.

sponji_mbili

Bi Matamvua amemaliza, naongeza la vitendo. Usingoje kununua tangi jipya. Chukua beseni kubwa la plastiki, la lita 80 na kuendelea. Nusu ya maji yatoke tangi la sasa. Kama chujio lako lina sponji mbili, hamisha moja kama ilivyo bila kuiosha, ile rojo ya kahawia ndiyo yenye bakteria wanaosafisha maji. Funika juu kwa wavu, furu wanaruka. Pima amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, kila siku wiki ya kwanza na ubadilishe robo ya maji kila siku ya pili. Lisha kidogo. Ukizidisha chakula na maji yakachafuka, furu hawa ni wepesi wa kuvimba tumbo, na wakishavimba mara nyingi huwaponyi.

PeziJekundu

Ahsanteni sana. Bi Matamvua, nimesoma mara tatu.

Nimewahamisha Kanyaboli wote sita kwenye beseni tangu jana jioni, amonia bado ni sifuri. Taa nimebadilisha. Sikuamini nilichokiona leo asubuhi: dume wa nyererei amerudisha wekundu kuanzia kichwani hadi nusu ya mgongo, na anachimba mchanga pembeni ya jiwe.

Wale wawili nimewaandikia, wamenielewa.

Nimeamua vifaranga hawa nitawalea. Nina tangi la lita 60 na sitampa mtu hata mmoja. Nifanyeje ili dume asimsumbue mama? Na nitawatoa vipi?

BiMatamvua

Umefanya vema, na umefanya haraka. Hilo la kuchimba ndilo nililokuwa nalisubiri.

Mwache mama mpaka siku ya kumi na sita au kumi na saba. Akifukuzwa sana kabla ya hapo, mrundikie mawe upande wa chujio apate pango dogo ambalo dume haingii. Siku ikifika, subiri usiku, zima taa, acha nusu saa. Usitumie wavu mtupu, kwa maana akihangaika kwenye nyuzi atawatema. Zamisha mtungi wa kioo mdomo wazi, mwelekeze humo kwa wavu taratibu, kisha inua mtungi na maji yake. Tangi la lita 60 liwe na maji yaleyale, joto lilelile, sponji iliyokwisha kufanya kazi, na kigae kimoja cha kujifichia. Kuanzia siku ya kumi na nane hadi ishirini na moja atawaachia mwenyewe.

Akipitisha siku ya ishirini na tatu na amekonda hadi mgongo umekuwa mkali, hapo umsaidie. Lowesha mkono kwanza, mkono mkavu unamchubua ute. Mshike ndani ya bakuli la maji ya tangi lake, kichwa kikitazama chini, kidole gumba upande mmoja wa kifuniko cha shavu na cha shahada upande wa pili, bila kubana. Kwa ncha ya kijiti laini kisicho na kona, shusha taya la chini kidogo tu, kisha mtumbukize na kumwinua ndani ya maji mara mbili, tatu. Utaona kwanza macho. Nukta mbilimbili nyeusi zimepangana kooni, zote zinatazama nje. Halafu mmoja anateleza, anazama hadi chini ya bakuli na kutulia, kisha wengine wanamfuata. Tazama matumbo yao: kama kiini cha njano kimekwisha, wape atemia waliototolewa siku hiyo. Kama kimebaki, wasilishwe bado, wataishi kwa hicho.

Mama asirudi kundini siku hiyohiyo. Mpe wiki peke yake ale, mara tatu kwa siku kidogo kidogo, mpaka mgongo ujae. Akirudi dhaifu watamwandama.

Na tangi la hao vifaranga, kabla hata hujalijaza maji, bandika karatasi kwenye kioo cha mbele, kwa wino usiofutika: "Mama nyererei Makobe, baba hajulikani, wasitoke." Andika na tarehe. Siku usipokuwepo na mtu mwingine akaja kukulishia, aisome.

dume_la_mwambani

Bi Matamvua, nimekuelewa. Nina vifaranga kumi na wawili wa mwaka jana niliowatenga kwa rangi tu. Kesho naandika karatasi ya kwangu.