Mrejesho: Safari ya Dar–Mwanza na watoto

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kuifikisha familia Mwanza Desemba hii bila kumaliza akiba, na jinsi ya kupita uwanja wa ndege na mtoto mchanga. Tumefika salama.

Kilichookoa hela zaidi ni kukata tiketi mapema na kuondoka katikati ya wiki, mbali na Krismasi. Kichanga hajafikisha miaka 2, hivyo alipakatwa na mama yake kwa sehemu ndogo tu ya nauli ya mtu mzima. Ila lazima aandikwe kwenye tiketi, na cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi. Walikikagua kwelikweli!

Pale JNIA (uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar), hakikisheni mapema kama ni jengo la 2 au la 3. Kutoka moja hadi jingine na mabegi na watoto ni mateso. Maziwa na uji wa mtoto tuliviweka juu kabisa ya begi, tukawaambia wakaguzi kabla hawajauliza. Mizigo tuliipima nyumbani.

Kurudi tutapanda basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR (reli ya kisasa) mpaka Dar. Watoto wanaisubiri hiyo kuliko ndege.