Wewe kiongozi wa lile kundi la Albion hapa Mbeya, hiyo "tunagawana wanne" itakutokea puani

Kijana wa Nzovwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na siyo baridi, ni hasira. Mods naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la michezo. Huku ndiko anakoshinda na nataka ausome.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule anayejiita mzee wa magemu Mbeya nzima, kila sentensi lazima ianze na "mimi nilianza zamani". Akikohoa Soweto, watu wa Mafiati wanampa pole. Huyo huyo.

Jana usiku, sanduku la zawadi linafunguka, bosi (lile adui kubwa la mwisho) yuko chini, mimi ndiye niliyewaweka hai wote, huyo mtu anasema kwenye sauti, taratibu kabisa, bila hata kupandisha pumzi: "Mtoeni huyo, tunagawana wanne."

Tunagawana wanne!

Kwa msiocheza: Albion Online ni gemu la mtandaoni la kucheza na wenzako, liko kwenye simu na kompyuta kwa akaunti ile ile, na sisi wa simu tumefunguliwa mlango tangu 2021. Mle huchagui kazi mwanzoni. Wewe ni ulichovaa. Ukivaa chuma na kushika nyundo, wewe ndiye wa kupigwa mbele. Ukishika fimbo takatifu, wewe ni mganga. Mimi nilishika fimbo kwa sababu kundi lake lilikuwa linatafuta mganga na hakuna aliyeitaka hiyo kazi. Kuua kila mtu anataka. Kuponya wenzake hataki mtu.

Na maeneo yana rangi. Kwenye buluu ukidondoka unaamka na vitu vyako. Kwenye nyeusi ukifa vyote vinabaki chini, anaokota anayepita. Ndiyo maana mgeni anatafuta kundi! Hatutafuti marafiki wa kupiga nao soga, tunatafuta watu wa kurudi nao salama.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwenye grupu la WhatsApp: "Wageni karibuni, tunabeba wageni, hapa ni familia." Familia? Familia gani inamfukuza mtoto mezani wali ukishapakuliwa?

Tumeingia pangoni watano, eneo jeusi. Yule wao wa nyundo alikuwa anakimbilia maadui kumi kwa mpigo, damu inaisha, mimi narudisha, inaisha, narudisha, kidole gumba kimechubuka. Sijala. Mama ananiita ugali unapoa namwambia subiri kuna watu watakufa. Bosi akaanguka. Sanduku likawaka. Na yeye akasema. Mnajua alichosema.

Kilichoniua siyo hata yeye. Ni wale watatu. Hakuna aliyesema "jamani". Hakuna aliyeguna! Nikaona majina yao yanapotea kwenye skrini, nimebaki mwenyewe na kanzu yangu ndani ya pango, nasikia wanacheka, halafu na sauti ikakatwa. Kufungua WhatsApp, na kule nimeshatolewa. Yaani huyu mtu ana mikono mingapi?

Nikiwa natafuta mlango likaja kundi lingine la watu nisiowajua, sekunde tatu niko chini. Fimbo, kanzu, viatu, mpaka farasi. Farasi niliyemnunua kwa kuwinda na kuuza ngozi pale Martlock. Ule mji nimeupenda kwa sababu uko milimani, unanikumbusha kwetu, na ngozi ukizisindikia pale unapata nyingi kuliko miji mingine.

Farasi nimesamehe. Waliomuua ni maadui, ndiyo kazi yao. WANNE sijasamehe.

---

Nyanda za Juu

Siti ya mbele nimekaa, karanga ninazo. Tuwekee na ile sauti kama ulirekodi.

---

Mkulima wa Igawilo

Dogo pole. Lakini umemwacha mama na ugali wake kwa ajili ya watu wanne usiowajua sura? Huko ndiko kwa kuanzia kulia. Viazi vinaoza shambani huku vijana mnauza ngozi za kwenye simu.

---

Kijana wa Nzovwe

Mzee wangu shikamoo, lakini sura zao nazijua! Mmoja tumesoma naye! Alikuwepo wakati anasema tunagawana wanne na akanyamaza!

---

Kamwene Kihesa

Kamwene wakuu. Mimi niko gemu lingine la mtandaoni, Final Fantasy XIV, na wala usidhani ni nafuu. Kule mfumo wenyewe unakupangia kundi la watu wanne: tanki mmoja (yule wa kupigwa mbele), mganga mmoja, wapigaji wawili. Mgeni anawekewa alama ya mche wa kijani pembeni ya jina ili watu wamvumilie, na kama hilo pango hujawahi kulimaliza, wenzako wote wanapewa ziada. Kwenye maandishi ni pazuri sana.

Sasa njoo na akaunti ya majaribio, ile ya bure mpaka leveli ya 70. Huwezi kuanzisha kundi. Huwezi kumwandikia mtu ujumbe wa faragha. Chama cha wachezaji hujiungi. Unasimama mjini na mche wako kichwani unasubiri mtu akualike. Ukishapangiwa, tanki anakimbia toka mlangoni mpaka kwa bosi hajawahi kugeuka nyuma. Mimi mpigaji nimesubiri foleni nusu saa, yeye tanki kaingia papo hapo kwa sababu matanki ni wachache, na anajua ni wachache, ndiyo maana ana dharau. Mkuu wewe angalau umesemeshwa!

---

Mwana Kundi

Nilikuwa mmoja wa hao wanne. Tuache kuchafua watu. Mganga alikuwa anachelewa, tanki alikaribia kufa mara nyingi, kiongozi akafanya uamuzi. Kundi siyo huruma.

---

Kijana wa Nzovwe

Alikaribia kufa. ALIKARIBIA. Alikufa? Jibu swali! Alikufa?

Na huo ucheleweshaji, seva (kompyuta inayoendesha gemu) iko Ulaya, mimi niko Nzovwe na bando la usiku. Kabla ya 2024 hata hiyo ya Ulaya haikuwepo, ilikuwa Amerika au Asia, na huyo huyo kiongozi wenu alikuwa analia pingi, yaani mtandao kuchelewa, kila siku kwenye grupu. Kwake ni pingi, kwangu ni uzembe? Na kama nilikuwa mbovu, mbona hamkunitoa mlangoni? Mbona mmenivumilia pango zima, ubovu ukaonekana sanduku linafunguka?

---

Nyanda za Juu

Hapo kwenye mlangoni Mwana Kundi atajibu kesho kutwa.

---

Mzee wa Uyole

Vijana mmedekezwa. Mimi nilicheza gemu la World of Warcraft 2005 nikisoma nje. Ulikuwa unasimama mjini unaandika "natafuta tanki" mpaka vidole vinakufa ganzi, ukimpata tanki mganga anaenda kulala. Mkikamilika watano mnatembea kwa miguu mpaka pangoni. Lakini ukimfanyia mtu uhuni, kesho seva nzima inalijua jina lako na hupati kundi tena. Desemba 2009 wakaleta mfumo wa kukupangia kundi hata na watu wa seva nyingine. Foleni zikapungua, na aibu ikapungua. Mtu anajua hatakutana na wewe tena.

---

Kijana wa Nzovwe

Mzee umesema, ila huyu wa kwangu hana hata huo mfumo wa kumficha! Tunapanda daladala moja ya Kabwe! Nitakutana naye na ataniambia "vipi dogo" utadhani hakusema kitu!

---

Binti Mafinga

Nyie mnalia mmetolewa, mimi nalia sitolewi. Kundi lolote nikifungua mdomo tu, wakisikia ni mdada, basi bosi anaachwa pale anazunguka, mtu anauliza "uko mkoa gani, tupe namba". Nikikataa naambiwa naringa, na vitu vyote vizuri vinaenda kwa mwingine, eti yeye haringi. Siku hizi nacheza nimefunga maiki, naandika "ndiyo kaka" na "sawa kaka". Wananisifia nina nidhamu, mganga bora wa Nyanda za Juu Kusini.

---

Nyanda za Juu

@Binti Mafinga kwani uko Mafinga sehemu gani?

---

Binti Mafinga

Mnaona sasa?

---

Ndizi za Tukuyu

Nyote mna bahati mna mtandao. Tukuyu mvua ikianza, na mvua ya Tukuyu haimalizi, umeme unaondoka na simu inabaki na mnara mmoja. Juzi niko katikati ya pambano, giza. Kurudi nakuta nimekufa, nimetolewa kundini, na nimetukanwa kwa lugha tatu.

---

Kamwene Kihesa

Hiyo ni simu yako. Peleka kwa fundi.

---

Ndizi za Tukuyu

Usinitajie fundi! Yule wa Mwanjelwa, mnamjua, mwenye kibanda cha kona, nimempelekea simu abadilishe sehemu ya chaji, imerudi chaji inaingia lakini spika haisikiki. Namwuliza, ananiambia "spika ulikuja nayo mbovu." Nilikuja nampigia yeye simu kwa spika hiyo hiyo!

---

Mkulima wa Igawilo

Huyo fundi alinifanyia hivyo hivyo kwenye redio.

---

Kijana wa Nzovwe

Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Mtu ameponya kundi zima, sanduku linafunguka, anasema tunagawana wanne. Hii ni haki?

---

Mkulima wa Igawilo

Na redio ilikuwa mpya. Nimeinunulia sokoni hapo hapo Mwanjelwa.

---

Kamwene Kihesa

Mbeya ndiyo shida yenu, mafundi wajanja, viongozi wajanja. Njooni Iringa watu wametulia, hata baridi ya kwetu ni ya kistaarabu.

---

Ndizi za Tukuyu

Baridi ya Iringa? Iringa mjini mtu anavaa fulana Julai. Baridi iko Uporoto.

---

Mtoto wa Makete

Mmemaliza? Sisi huku Kitulo Juni asubuhi nyasi zimeganda, nyeupe. Simu inazima yenyewe mfukoni ina chaji. Nimeshatolewa kwenye makundi yote kwa sababu vidole haviwahi kubonyeza.

---

Mzee wa Uyole

Makete mpo sahihi, hilo halina mjadala.

---

Kijana wa Nzovwe

Jamani WANNE!

---

Binti Mafinga

Samahanini kwa kuingilia, nani ana chaja ya laptop, pini ndogo? Yangu imekatika waya.

---

Mtoto wa Makete

Ninayo, nipo Makambako mpaka Jumapili. 15,000.

---

Binti Mafinga

12,000.

---

Mtoto wa Makete

14,000 mwisho, njoo PM.