Mrejesho: EMG ya paja iliyokuwa ikiyumba

Shukrani, ndugu zangu. Niliuliza kwa nini EMG (kipimo cha umeme wa msuli) ya msuli wa nje wa paja inayumba mtu akichuchumaa, ilhali akisimama imetulia. Ni jasho na waya, kama mlivyohisi.

Kwa joto hili la Malindi, jasho hulegeza gundi na kuunganisha elektrodi (vibandiko vya kupokea umeme wa msuli) mbili jirani, ishara ikafifia. Sasa nywele zinanyolewa, ngozi inasuguliwa kwa spiriti hadi iwe nyekundu kidogo, kisha inaachwa ikauke kabisa, feni ikivuma. Elektrodi ziko milimita 20 kati kwa kati, kufuata nyuzi za msuli, theluthi mbili ya njia kutoka ncha ya mbele ya nyonga hadi ubavu wa nje wa pia ya goti. Elektrodi ya rejea, yaani ya kulinganishia ishara, iko kwenye kifundo cha mguu, juu ya mfupa.

Waya ukining'inia huleta mawimbi mazito chini ya hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde). Ubandikwe kwa plasta, ulegee kidogo gotini. Kichujio kinapitisha hezi 20 hadi 450 tu, na ishara inasomwa mara 1000 kwa sekunde. Kompyuta ikila betri, mvumo wa stima wa hezi 50 hupungua sana.

Mkazo wa juu kabisa (msuli ukikazwa kwa nguvu zote), sekunde 5, ndio kigezo cha kulinganishia, kwa hiyo upimwe upya kila elektrodi zikibandikwa. Bila huo, kulinganisha Jumatatu na Alhamisi ni kubahatisha tu.